Sahihi za Wanafunzi Wangu

Tassia, Jumapili

Mdogo wangu Mutie,

"Wananchi walishirikishwa," umeniandikia. Uongo! Niliwapeleka wanafunzi wangu kwenye baraza la kujadili soko letu wajionee jinsi serikali inavyosikiliza shida za watu kabla ya kutunga sera. Mlangoni walitia sahihi za mahudhurio, kama kawaida. Ripoti yenu huko serikalini imezigeuza kuwa idhini ya kubomoa soko.

Mama hajambo, anakusalimu.

Ijumaa Fartun, ambaye mama yake anauza nguo sokoni humo, aliniuliza mbele ya darasa, "Mwalimu, kumbe mimi ndiye nimemfukuza mathe?" Wenzake walicheka.

Ripoti inapitishwa Alhamisi, na mwandishi wake ni wewe. Ziondoe sahihi hizo, Mutie, kisha uje darasani umjibu Fartun wewe mwenyewe.

Dada yako,
Mwelu