Saa Sita Trekta Ikanyamaza

Baba yangu,

Tangu tukuzike sijakuandikia, kwa sababu sikuwa na habari ya kukufanya uweke kijiko chini. Leo ninayo: trekta inawaka kwa kubonyeza tu. Haisukumwi tena.

Najua unacheka. Ile trekta ya bwana wa shamba, uliyoikuta ina umri mkubwa kuliko wako, hukuwahi kuiwasha bila kelele za watu. Kila jioni uliiegesha kwenye mteremko nyuma ya kanisa. Asubuhi majirani walikuja kusukuma, watu wa Fizi, wa Uvira, Wanyarwanda, hata Wamalawi waliopita na kabaza zao, baiskeli za kubeba abiria, nawe umekaa juu kama bwana harusi. "Sukumeni! Kwani hamukukula?"

Ikishawaka, hukuizima mpaka jioni. Dinamo ilikuwa haichaji na betri ilikuwa pambo tu. Ndiyo maana mchana ulikula umesimama shambani, sahani mkononi, sikio kwenye injini. Miaka yote hapa kambini Dzaleka sikukuona umekaa mezani saa sita. Nyumbani tulisikia ngurumo yake kutwa. Ikinyamaza tu, Mama aliinuka, akamimina maji ya moto kwenye beseni, akasema, "Baba yenu anakuja."

Ulipofariki, watu waliendelea kusukuma kwa heshima yako. Kisha wakachoka, na siwalaumu. Mimi ndiye ninayeendesha sasa, kama ulivyonifundisha. Lakini bwana wa shamba alinijia akaniambia bila kuzunguka: mvua zikianza na trekta bado inasukumwa, ataiuza iwe chuma chakavu. Niliogopa, Baba. Mimi na Mama tunakula kwa trekta hiyo, na sijui nani mwingine angenipa usukani.

Nikaenda Lilongwe, kule Kauma, kwa fundi Bosco, yule Mnyarwanda mliyebishana naye mpira hadi chai ikapoa. Alikuja na betri mpya na alteneta ya kuweka mahali pa dinamo. Akanieleza kwamba trekta yako ilifungwa kwa mtindo wa zamani, waya mwekundu wa betri kwenye chuma cha bodi. Alteneta hii ilitaka kinyume chake, mweusi kwenye chuma. Akaifunga, akageuza nyaya, tukaenda kunawa mikono kabla ya kuijaribu.

Hapo ndipo Mama alipopita. Unamjua. Miaka yote alikusikia ukimfokea kila aliyegusa ile betri: "Nyekundu ku chuma! Usinichomee trekta!" Akaona mweusi uko kwenye chuma. Akachukua spana yako, akarekebisha.

Tulisikia mlio. Tulipofika, alteneta ilikuwa inafuka moshi, na Mama amesimama kando, spana kaibana kifuani.

"Mama, nani alikutuma?" Sikusema kwa upole.

"Baba yako," akajibu. "Alisema nyekundu ku chuma. Mi siwezi acha batu bageuze maneno yake, hata mwaka haiyaisha."

Bosco hakukasirika. Alisema taratibu, "Mama, mzee alisema kweli. Ile ya zamani njo ilitaka vile. Hii ni ingine." Mama akakaa chini palepale, akalia kuliko alivyolia msibani. Mimi mjinga nilidhani analilia alteneta.

Bosco alirudi Lilongwe, akapata nyingine kwenye gari lililogongwa, na sasa Mama anamshonea mapazia ya nyumba nzima kuilipia. Safari hii, Bosco akiifunga, Mama alisimama kuangalia tangu mwanzo. Ule waya mweusi aliomba aukaze yeye mwenyewe. "Haya, mzee," akanong'ona, "utanisamehe."

Juzi mvua ya kwanza ilinyesha. Jana niliiwasha pale mbele ya mlango wetu, mahali tambarare kabisa, bwana wa shamba akitazama. Alisikiliza kidogo, akanishukuru kwa Kichewa, "Zikomo," akaenda zake. Nikajua kazi ninayo. Nililia nikiwa juu ya trekta, na sikujali nani ananiona.

Nililima mpaka saa sita. Njaa ikaniuma, nikafanya jambo ambalo wewe hukuwahi kufanya: nikaizima, nikaja nyumbani kula.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Beseni lilikuwa limejaa, maji yanatoa mvuke, taulo lako begani mwake. Aliniangalia. Kisha akaangalia nyuma yangu, njiani.

"Ni mimi, Mama."

"Najua," akasema. "Nawa basi, maji yasipoe."

Nikanawa, Baba. Akanipa taulo lako, nikajifuta. Tukaingia ndani, tukakaa mezani, na alikuwa amekwisha kukupakulia.

Pumzika. Ya kwako nimeila mimi.

Binti yako, dereva