Betri za Kabula

Jumamosi, Kharumwa. Mawingu yametanda tangu asubuhi lakini mvua imegoma. Nimeamka na hasira, na nisipoangalia nitalala nayo.

Jana mwenyekiti wa kigango, kanisa letu la kijijini, aliwapima watoto ninaowafundisha, watakaopokea Komunyo ya Kwanza kesho. Yeye huuliza kutoka kitabu cha maswali na majibu, na anataka jibu neno kwa neno. Wengi walipita.

Kabula alikwama.

Ana miaka tisa. Nyumbani kwao ni Kisukuma tu, na baba yake ni mchimbaji, mtu wa kuhamahama kufuata dhahabu. Mwenyekiti alimwuliza kujiweka tayari kumpokea Yesu maana yake nini. Mtoto akafikiri, kisha akasema, "Ni kuanika betri, Mzee."

Baraza zima la wazee lilicheka. Mimi sikucheka, maana jibu lile lilitoka darasani kwangu.

Wakati wa Kwaresima niliwaeleza habari za wale wanawali kumi wa Injili na taa zao, lakini mafuta ya taa hayakuwaingia kichwani. Kabula akanyoosha mkono, akasema baba yake hutumia tochi, huifunga kichwani kwa mpira wa baiskeli. Kabla ya kushuka duarani, shimoni mwa dhahabu, huanika betri juani zipate nguvu. Asipoanika, giza linamkuta huko chini. Basi nikawaambia toba ndiyo kuanika betri: unaitoa roho yako nje, ipigwe na jua la Mungu, ndipo unashuka. Wote walielewa, hata yule anayesinzia kila kipindi.

Mwenyekiti hakuelewa. "Mwalimu, unafundisha Ekaristi au una duka la tochi?" Akaamua Kabula asubiri mwakani. Nami nikamjibu mbele ya watu kwamba kama anataka kasuku, akafuge.

Mwakani gani?

Baba Kabula anahamisha familia wiki ijayo, wanaenda machimbo mapya porini, upande wa Geita. Huko hakuna kigango wala katekista. Mtoto wa machimboni ukimwambia mwakani, umemwambia hapana kwa sauti ya upole. Mimi hiyo hapana siikubali, hata wakininyang'anya darasa.

Redio inatuambia siku hizi ni vyama vingi, mtu ana haki ya kupinga. Haya, nimepinga. Leo padri alipokuja kuungamisha, nilimpanga Kabula kwenye foleni na wenzake, mwenyekiti akiniangalia. Aliponong'ona na wazee nilijifanya namfunga mtoto vifungo.

Kabla padri hajaanza kuungamisha, nilimweleza yote, hata la kasuku. Alimwita Kabula, akamwuliza kwa Kisukuma chake cha kuungaunga nani anamngoja kesho altareni. "Yesu," akasema. Akamwuliza tena, ni mkate tu ule? Kabula akamshangaa. "Ulikuwa mkate, Padri. Ukishaombewa ni Yeye."

Padri akanigeukia. "Huyu yuko tayari. Wewe na mwenyekiti je?"

Furaha yote ya kushinda ikanikauka mdomoni.

Tangu jioni nimekuwa nikizunguka nyumba hii nikimtetea Kabula kwa maneno makali, peke yangu, kama vile mwenyekiti amekaa pale kwenye kigoda. Nimewafundisha watoto wa watu kuanika betri, na mimi nataka kushuka na zangu zimekufa. Inaniuma, kwa sababu bado naamini alikosea. Ningependa sana aanze yeye.

Hataanza. Namjua.

Kesho kabla ya Misa nitapita kwake. Nitamwamkia shikamoo na kumwomba msamaha kwa la kasuku, maana ni mkubwa wangu na nilimwaibisha mbele ya watu. Akiitikia marahaba, vizuri. Asipoitikia, nitakuwa nimeamkia.

Ruhusa sitaomba. Nikitoka hapo nitamshika Kabula mkono, tukakae mstari wa mbele.