Nakala Mia Mbili Chini ya Kitanda cha Nirupam

Bhowanipore,
Kolkata.
11 Februari 2019

Mpendwa kaka Shubhendu,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini baridi ya Edmonton haijakuzidishia maumivu ya goti, na kwamba wifi Malabika amepona kikohozi. Mimi ni mzima, ila nimechoka, na aliyenichosha ni wewe.

Mwanao Arko ametoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi. Kinahusu ile miezi saba aliyojifungia chumbani, dawa za daktari wa akili, na namna alivyoacha kujichukia kwa kuwa mwanamume anayependa wanaume. Yote unayajua, ndiyo maana ulimpigia simu ndugu yetu Nirupam ukamwambia anunue nakala zote kabla ukoo haujakiona.

Nirupam ni mtiifu. Siku nne mfululizo alikwenda kwenye maonyesho ya vitabu, kofia ya sufu imemfunika hadi kidevuni, akamvizia Arko atoke bandani kwenda kunywa chai, kisha akanunua na kubeba nakala hamsini kila siku.

Nilimkuta akizisukuma chini ya kitanda na kuzifunika kwa magazeti, tena yenye habari nilizoandika mimi.

"Kaka, una akili timamu kweli?"

"Nimeinusuru familia, Ketaki. Punguza sauti."

"Umenusuru nini? Mchapishaji ametangaza kitabu kimeisha kwa siku nne. Sasa anachapa mia tano!"

Akakaa kitandani taratibu. "Basi nitahitaji kitanda kingine."

Ningecheka, kama si Arko. Jumapili alikuja kwangu kwa chakula cha mchana akala vipande vitatu vya samaki wa haradali, yeye ambaye mwaka juzi tulimbembeleza ale kijiko kimoja cha wali.

"Shangazi," akaniambia, "watu mia mbili wasionijua wamenisoma. Nilidhani nitauza kumi, na tisa kati ya hizo kwako."

Miaka thelathini na moja ya uandishi wa habari sijawahi kuacha kosa lipite nikilijua. Nilimwongezea wali, hili nikaliacha lipite. Akijua ukweli kutoka kwa mtu mwingine, sijui tutamtoa vipi tena chumbani.

Nirupam naye amekisoma, eti kuhakikisha anaficha nini. Tangu Alhamisi anaurudia ukurasa mmoja. Ukurasa wa thelathini na nne ni wewe, kaka: ile likizo uliyokuja, ukawa kila asubuhi unaweka kikombe cha chai nje ya mlango wake na kuondoka bila kubisha. Arko anaandika kwamba alikuwa macho kila siku, akisubiri kikombe kiguse sakafu. Hapo ndipo alipokubali kuianza siku.

Naambatanisha nakala moja. Isome, umpigie simu, umweleze mwenyewe ulichofanya, halafu umwambie umefika ukurasa gani. Usianze na hali ya hewa.

Msalimie wifi, na binti yenu Shreya. Nirupam anakusalimu, na anauliza kama zile mia tano nazo azinunue. Nimemjibu kwa niaba yako.

Mama Durga, mungu wetu, awalinde nyote huko kwenye theluji.

Dada yako akupendaye, hata wiki hii,
Ketaki