Mdomo Mpana kwa Sabuni

Mjukuu wangu, mume wangu Hamisi,

Hapa Bwera sote wazima, na shangazi yako wa Maliba amejifungua msichana.

Unauliza mashine yako ya kuoshea magari uitie mdomo upi wa kurushia maji. Miaka ya hamsini, nikiwa mke mpya, lori la babu yako lilitoka kubeba samaki wa chumvi, na mfanyabiashara wa kahawa aliyelikodi akagoma kupakia magunia yake. "Gari iko nanuka!"

Babu yako akatia mdomo mwembamba kwenye pampu ya mkono, akarusha maji ya sabuni kwa hasira. Sabuni ikaruka, ikamwagika chini. Harufu ikabaki palepale.

Nikamnyang'anya pampu. Nikatia mdomo mpana, sabuni ikalala juu ya mbao za lori. Nikaiacha ifanye kazi, lakini sikuiacha ikauke. Ndipo nikarudisha ule mwembamba, nikasuuza kuanzia juu.

Mwenye kahawa akapanda, akanusa ubao mmoja mmoja. "Mupakie!"

Hadi Kasese nilikaa mbele, babu yako akipiga honi kila tulipopita watu. Walidhani amebeba bibi harusi. Nikawapungia mkono.

Bibi yako,
Mwajuma