Chumvi na Maji ya Uvuguvugu

Mkwe wangu,

Nimekwenda kusali. Uji umo kwenye chupa. Mvua ikija uanue nguo, lakini ndoo za maji usiziguse.

Ule mchanganyiko wako wa kusugulia meno, wa mkaa, chumvi na ndimu, nimeumwaga. Ndimu inakula meno. Nimekuachia chumvi kidogo na maji ya uvuguvugu, sukutua hayo.

Nilikuamini uliposema dawa ya meno ya dukani ina makemikali. Leo asubuhi mwanangu kapita mbele yako na mswaki mdomoni, harufu ya mnanaa ikakufikia, ukakimbilia uani kutapika. Nikaweka kikombe chini. Nilipokuwa na mimba yake, nami harufu hiyo sikuiweza kabisa.

Najua mimba ya kwanza iliharibika, na hii unaogopa hata kuitaja. Lakini kunificha mimi, ninayekula nawe sahani moja? Imeniuma.

~~Nitawaambia wenzangu tuiombee.~~ Hapana, simwambii mtu. Nitamwambia Mungu tu, tena kwa sauti ya chini.

Mama mkwe wako