Pikipiki Ilipokuwa Ikizimika Hapo Kwako

Baba Limi,

Mwangaluka. Najua huwezi kuitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila salamu, ungesema adabu nimeizika pamoja na wewe. Nimekaa kwenye kigoda upande wa jikoni. Mama yako ameenda kwa jirani, Limi yuko shule, ni kuku tu wananizunguka. Nina habari ya pikipiki yako, na nimetaka uisikie kwangu.

Kwanza mambo ya hapa. Mvua ilichelewa ila pamba imetoka. Wanunuzi siku hizi ni wengi, kila mmoja kaja na mizani yake na maneno matamu, na lile ghala la ushirika ulikokuwa unashinda ukingoja zamu, sasa wanalala popo. Dukani sabuni ipo ya kila rangi. Unakumbuka ulivyonicheka nilipokuwa nakata mche mmoja vipande vidogo kama vidonge? Mimi nauza mitumba. Nazunguka minada, Nkololo, Mwamapalala, popote. Dereva wangu ni Maduhu mdogo wako, na ile pikipiki kubwa uliyonunua kwa padri mzee alipokuwa anarudi kwao Ulaya ndiyo inayobeba nguo. Masanduku yake ya pembeni yanajaa, na furushi jingine nalikumbatia mimi. Ndiyo inayotulisha. Ndiyo inayomsomesha Limi.

Sasa sikia. Tulipokuzika pale mbele ya ua wa minyaa, kaburi liliangukia kwenye njia yetu ya kutokea. Njia ikabidi ihamishwe, ikakuzunguka, ikawa na kona kali ya kushoto. Mara ya kwanza Maduhu kuitoa pikipiki baada ya matanga, ilinguruma vizuri hadi ilipofika kwako. Ikazimika. Tukaisukuma kidogo, akabonyeza stata, ikawaka kama haijawahi kuumwa. Mnada uliofuata tukapita salama, nikasahau. Halafu ikazimika tena, palepale. Ikawa hivyo, leo inapita, kesho inagoma, na ikigoma hapo kwako haigombani na mtu, inanyamaza tu.

Watu wakaanza kusema. Mama yako simlaumu, amezika mtoto. Alisema hutaki chombo chako kibebeshwe kafa-ulaya, hii mitumba yangu. Akataka mbuzi achinjwe kaburini, pombe imwagwe, kisha pikipiki iuzwe itoke kabisa hapa kaya. Nilimjibu kwamba tumekuombea misa, na kwamba mtu wa kanisa kama wewe hawezi kulala akinuna.

"Endelea na rozari yako," akasema. "Mwenye pikipiki anaongea."

Neno hilo liliniingia, Baba Limi. Maana uliondoka duniani pale hospitalini bila kuniambia kitu. Nikawa usiku nawaza, je, kama kweli una neno na mimi?

Na Maduhu unamjua, anaweza kulala porini na ng'ombe peke yake. Lakini alifikia mahali akiikaribia ile kona anazima mwenyewe, anashuka, anavua kofia, anasukuma hadi ng'ambo. Mimi nyuma nimebeba furushi kichwani. Mwisho akakataa kabisa. "Shemeji, ukitaka nitakusindikiza kwa miguu hata mpaka mnada wa Lingeka, ila hiyo sipandi tena." Wazee wakakubaliana mganga aitwe baada ya Jumapili.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeshaipeleka mjini Bariadi kwa fundi Hamisi. Lakini kwake ilikuwa na adabu kama mtoto mbele ya mwalimu. Inawaka, inanguruma, haina neno. Akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akaturudishia. Safari hii nilipanda gari la mizigo nikaenda mwenyewe, nikamweleza yote, hata ya mbuzi na pombe, ingawa niliona aibu. Akaniuliza, ikizimika inakohoa kwanza kama inayotafuta petroli, au inakata ghafla? Nikasema ghafla, na ile taa ndogo kwenye dashibodi inazimika pamoja nayo. Hapo akaweka spana chini. Akasema taa haili petroli, basi kuna umeme unapotea njiani. Akauliza ni wapi pengine inazimika.

Nikamwambia ni hapo tu. Kisha nikakumbuka, maana mambo mengine mtu huyaona asiyaweke moyoni. Iliwahi kuzimika mlangoni mwa kanisa Maduhu akiigeuza, tukadhani mafuta yamekwisha. Na mnadani, akikata kona katikati ya ng'ombe. Hizo hakuna aliyezisimulia.

"Mama Limi," fundi akasema, "mimi wafu siwatengenezi. Nipeleke inapozimika."

Akaja. Kwanza alisimama kaburini, akafungua viganja, akakuombea kwa dini yake. Nilimpenda kwa hilo. Kisha akawasha pikipiki ikiwa imesimama, akaukunja usukani kushoto taratibu hadi mwisho. Ikazimika. Akaunyoosha, taa ikarudi. Akafungua ule utepe mweusi pale nyaya zinapotoka kwenye usukani kuingia chini ya tangi, akazipapasa mmoja mmoja, akafika kwenye mmoja uliolegea kama uzi. Ngozi yake nzima, lakini shaba ya ndani imekatika. Ukikunja kushoto zile ncha zinaachana, ukinyoosha zinagusana. Na sisi kila tulipoisukuma tulikuwa tunanyoosha usukani! Enzi zako njia ilikuwa imenyooka, hukuwa na haja ya kuukunja hivyo hapo.

Kabla hajaunga, akamwita mama yako aje aukunje mwenyewe. Mama alisita, halafu akashika. Taa ikazimika. Ikawaka. Akarudia mara nyingi sana, tukamwacha.

"Kumbe mwanangu hana kinyongo," akasema. Akakaa palepale chini, akalia kilio ambacho siku ya mazishi hakukilia. Mganga hakuitwa tena.

Fundi akaweka waya mpya, akaulegeza kidogo usivutike, akafunga. Siku ya mnada Maduhu alipanda kofia ikiwa kichwani. Tukaifika kona, tukakunja, tukapita.

Na hapa nakwambia jambo ambalo hata padri sijamwambia. Nilifurahi, nilimshukuru Mungu, halafu mbele kidogo nikajikuta natoa machozi mgongoni kwa Maduhu. Maana kila ilipozimika nilikuwa nashuka, nashika udongo wako, nasema Salamu Maria moja, na moyoni kuna kipande kilichokuwa kinasema amenisimamisha, bado ananitaka. Sasa najua ni waya tu. Hukunisimamisha hata mara moja. Umepumzika kweli.

Basi lala, mume wangu, kwa amani ya Mungu, hatuna deni la neno mimi na wewe. Na ninakuahidi hivi: kila siku ya mnada, kabla Maduhu hajawasha, nitatangulia kwa miguu hadi hapo kwako nimngoje. Nitasimama kwa sababu mimi nimetaka.

Wako,
Mama Limi