Sentimita Arobaini na Mbili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa miguu imevimba kwa kusimama wiki nzima mbele za watu. Goti lako je? Kaka aliniambia kwenye simu kwamba fimbo uliyonunuliwa umeitupa nyuma ya kabati, unasema ni ya wazee. Baba, una miaka sabini na minne. Wazee ni akina nani basi? Mwambie Mama nimemkumbuka sana, na kwamba shuka alilonidarizia ndilo ninalojifunika, ingawa alikataza akisema ni la wageni.

Nina habari ya kuringia, nawe niache niringe. Mpango umetiwa saini. Alhamisi, saa tano asubuhi, miji yote mitano inayokunywa mto wetu imekubaliana kwa maandishi nani achote kiasi gani, nani akome kumwaga maji taka wapi, na kiangazi kikikaza nani aanze kufunga mabomba. Miaka miwili nimezunguka katika ofisi zao na mkoba wa ramani begani. Wa juu walisema wa chini wanamwaga maji ovyo, wa chini wakasema wa juu wanawanywesha uchafu, kila mmoja akivutia kamba kwake, na mimi mratibu katikati. Yule kitinda mimba wako mliyesema mdomo wake utamponza, mdomo huohuo ndio umewakalisha meza moja.

Na wewe ulikuwepo pale mezani. Madaftari yako yote thelathini na moja tuliyapanga katikati, kila moja na mwaka wake. Mtaalamu wa hesabu za maji aliyafungua akabaki anatikisa kichwa. Aliuliza ni mtu gani huyu aliyeshuka mtoni asubuhi na jioni miaka yote hiyo kusoma kina cha maji kwenye nguzo ya kipimo, asichoke wala asibadilishe mwandiko. Miji mingine ilileta karatasi zilizoliwa na mchwa. Basi kila ubishi ukizuka, wajumbe wakawa wanaulizana Mzee Sentimita kasemaje. Jina lako la utani, Baba, midomoni mwa wahandisi wa miji mitano! Kifua kilinijaa hadi nikajisahau nikacheka peke yangu.

Sasa nikueleze palipokuwa pagumu. Mpango wote umesimama juu ya tarakimu moja tu: mto ukipungua kupita kiasi, hubaki na maji ya kina gani. Ukiikuza tarakimu hiyo, utawaahidi watu maji ambayo hayapo. Tena uchafu ulioruhusu umwagwe utakosa maji ya kuuzimua, na mji wa mwisho utakunywa vyoo vya miji minne iliyotangulia. Ndiyo maana tulichagua kiangazi kibaya kuliko vyote, kile ulichovunjika mguu. Daftari lako la mwaka ule linasema mto haukushuka chini ya sentimita arobaini na mbili.

Mhandisi wa mji wa juu kabisa alikataa. Huyo tunamwita Bwana Koti, kwa sababu koti halimtoki hata kwenye jua la utosi. Alisema kiangazi kile alikuwa fundi kijana wa pampu, na bomba lao la kuchotea lilibaki likining'inia hewani. Akaufuata mto kwa miguu kutafuta maji yamepotelea wapi, akafika hadi kwenye nguzo yako, akasoma kumi na tisa, wala hakumkuta mtu. Watu walicheka. Walimwambia mji wake unalia njaa ili ujengewe bwawa kwanza, na kwamba daftari la Mzee Sentimita halibishaniwi. Mimi mwenyewe nilimkatiza, nikamtaka alete maandishi au akae. Akakaa, akafunga kifungo cha koti, akatazama meza. Mtu mzima yule, Baba, nilimwonea haya.

Alikuwa anasema kweli. Na niliyejua hivyo mle ndani, pamoja naye, nilikuwa mimi.

Unakumbuka ulivyolala na plasta, ukanituma mimi wa darasa la sita nikawe macho yako mtoni. Wiki mbili za kwanza nilikwenda. Halafu nikaona mbali. Nikawa naishia barazani kwa fundi cherehani, naokota vitambaa na kusikiliza redio, nikirudi nakutajia tarakimu ya jana niliyoipunguza kidogo. Wewe ukaiandika kwa mkono wako, ukaweka saini. Nilipofika arobaini na mbili nikaganda hapo, mara napandisha moja, mara naishusha, maana nilijua ikizidi kushuka ungeng'ang'ania kwenda kujionea mwenyewe na plasta yako. Nilifanya hivyo miezi mitatu. Ulikuwa ukiniita msaidizi wako mbele ya wageni, na mimi nikiitikia.

Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Wakati wa chai nilikwenda kunawa uso, nikasimama pale bombani hadi mfagizi akaniuliza kama naumwa. Niliporudi nilisema yote mbele ya watu arobaini. Nilisema kosa ni langu, Mzee Sentimita aliandika alichoambiwa na mwanawe. Nikamwomba Bwana Koti radhi kwa kumkalisha. Kisha nikangoja wanifukuze.

Badala yake alisimama mkuu wa maabara wa mji wa mwisho, mama mmoja mkali ambaye hata salamu huitoa kwa kipimo. Alisema kama leo ni siku ya kusema, basi sampuli zao za maji huchotwa kwenye bomba la uani mwa ofisi, kwa kuwa la sokoni hutoa aibu. Mwingine akafuata, akasema wao huongeza idadi ya watu. Ikawa toba juu ya toba. Tulikaa wiki tatu zaidi tukisahihisha, na iliyoingia kwenye mpango ni kumi na tisa. Kila mji umepata pungufu ya ulichotaka, wetu pia, na wote wametia saini, kwa sababu safari hii kila mmoja aliamini hesabu za mwenzake.

Ukurasa wa mwisho wa mpango unataja vyanzo vyetu. Chako ni cha kwanza, na pembeni pameandikwa kwamba miezi mitatu imeondolewa. Baada ya mimi kusema, mtaalamu alirudi kwenye madaftari yako akayakagua mstari kwa mstari, akilinganisha na mvua, akitafuta uongo mwingine. Siku nne nzima. Hakupata hata mmoja. Nililia ofisini kwake bila kujificha, na sijui kama nililia kwa haya au kwa fahari ya kuzaliwa na wewe.

Kinachoniuma ni kwamba watu arobaini wamesikia kabla yako. Wao walinisamehe mara moja, maana hawakupoteza kitu. Mwenye kusamehe ni wewe, nami sikuharakishi.

Msalimie Mama, na kaka, na majirani wote, hata yule anayeazima ngazi asirudishe. Jumamosi nakuja na nakala ya mpango. Nitapitia mtoni kwanza, nisome nguzo, ndipo nije nyumbani nikutajie. Ukitaka kutuma mtu akahakikishe, mtume, Baba. Nitakaa mlangoni hadi arudi.

Mimi binti yako,
kitinda mimba